Majani Yaliyolazwa Kifudifudi

Tulimzika Mama Leokadia Jumamosi moja ya mwezi wa sita, baridi ya Ufipa ikiuma hadi masikioni, nami nikarudi nyumbani kwangu Milanzi, mjini Sumbawanga, nikiwa nimekasirika. Huzuni nilikuwa nayo, tena kubwa, lakini hasira ndiyo iliyonifanya nitafute kalamu. Pale msibani alikuja mhandisi mmoja kijana, mstaarabu, mwenye koti la kazini lenye mistari ya kung'aa, ametumwa na ofisi ya barabara kuleta salamu za rambirambi. Marehemu alikuwa ameongoza kwa miaka mingi kikundi cha akina mama kinachofyeka nyasi na kuzibua mitaro kwenye kipande cha barabara kinachopita kijijini kwao. Kijana akasimama, akasema maneno mazuri, kisha akaongeza kwamba tuta la pale bondeni, lile ambalo halijawahi kumomonyoka, lilipandwa majani na wataalamu, na kwamba marehemu aliwasaidia sana kumwagilia. Kumwagilia! Nilimtazama binti wa marehemu, naye akanitazama, tukainamisha vichwa, maana matangani si mahali pa kubishana. Kijana wa watu hana kosa. Amesimuliwa hivyo na waliosimuliwa hivyo. Mtaalamu mwenyewe anayesemwa ni mimi, na nimekaa kimya muda mrefu mno kwa sababu sifa hizo zilinikaa vizuri. Leo nasema ilivyokuwa.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha ufundi sanifu, na wakala wa serikali unaojenga na kutunza barabara ukanichukua kwa majaribio ya mwaka mmoja, nipime udongo kwenye barabara inayoelekea upande wa Mwazye. Lami haikuwepo wakati huo. Tulikuwa tunajenga barabara ya changarawe ambayo gari lingepita masika na kiangazi, na lami iliyopo leo ilikuja baadaye ikalala juu ya tuta letu lile lile. Kazi yote ngumu ilikuwa mahali pamoja, kwenye bonde lenye mto mdogo na udongo mweusi unaovuta mguu. Kila mvua zikishika, bonde lile liliikata nchi vipande viwili. Mahindi yalibaki ng'ambo yakiota ghalani, na mjamzito aliyeshikwa na uchungu alivushwa kwa machela huku wabebaji wakizama hadi mapajani. Mpango ulikuwa kuweka kalvati kubwa la zege la kupitishia mto, kisha kuinua tuta la udongo mgumu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, refu kwenda juu kuliko nyumba, barabara ipite juu yake.

Kambi ya wahandisi haikuwa na chumba cha mwanamke, hivyo nikapangishwa kwa Mama Leokadia, mjane wa miaka hamsini na kitu, mnene kidogo, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mwili wake. Nakikumbuka chumba kile kuliko vyumba vyote nilivyowahi kulala. Kilikuwa na kitanda cha kamba, msalaba wa mti juu ya mlango, gunia la ulezi kwenye kona, na ukuta mwembamba uliotenganisha na jiko, kiasi kwamba nilijua kinachopikwa kabla sijafumbua macho. Mwezi wa saba, baridi inapokuwa kali, tulikula tukiwa tumelizunguka jiko la mkaa: ugali wa ulezi mweusi unaong'aa, maharage, na siku ambazo gari la samaki limepita kutoka ziwani, migebuka iliyokaushwa kwa moshi. Mimi ni Mfipa, lakini Mfipa wa mjini. Kifipa nakielewa nusunusu na jembe nilikuwa nimelishika shuleni tu, kwa adhabu. Mama Leokadia aliligundua hilo siku ya kwanza, alipoona viganja vyangu. Akanambia nina mikono ya katekista, mtu wa kushika kitabu tu.

Kazi yangu ilinipa jina la utani siku ya pili. Ili kujua udongo umeshindiliwa sawasawa, unachimba kashimo kwenye tabaka lililopitiwa na rola, unapima ujazo wake kwa mchanga, kisha unaukausha udongo uliotoka humo na kuupima kwa mizani. Maabara yetu ilikuwa kibanda cha bati, na chombo cha kukaushia kilikuwa kikaangio juu ya jiko la mafuta ya taa. Watoto walichungulia wakaenda kutangaza kijiji kizima kwamba yuko dada anayekaanga udongo. Tangu hapo nikawa Mkaanga Udongo. Vijana wa rola waliniita hivyo kwa kejeli, na wiki ya tatu nilipolikataa tabaka walilokuwa wameshinda juani wakilishindilia, na greda ikabidi ilichimbue upya, kejeli iliisha ikabaki chuki. Injinia Masanja, mkuu wetu, mtu wa Usukumani, mrefu, asiyekaa kwenye kiti hata akila, alizisoma namba zangu, akachoma udongo kwa fimbo yake, akawaambia warudie. Hakunisifu. Alisema tu kwamba nikikosea hata mara moja, vijana wale hawataniamini tena, na yeye pia.

Mwezi wa tisa tuta lilikuwa karibu kufika juu, na hapo ndipo shida ilipoanza. Juu ya tuta gari hupita, lakini tuta hufa kuanzia ubavuni. Mvua ya kwanza ikiteremka kwenye ubavu ulio uchi huchora mifereji kama vidole, ya pili huipanua, na ya tatu huanza kula barabara yenyewe. Mchoro ulitaka ubavu ufunikwe kwa mawe. Mawe yalikuwa mbali, malori mawili kati ya matatu yalikuwa yamelala kambini yakisubiri vipuri, na mvua zilikuwa wiki chache mbele. Nilikuwa nje ya ofisi ya kontena nikisubiri sahihi, nikawasikia ndani Injinia na msimamizi wa ujenzi. Msimamizi alikuwa anashauri kazi isimamishwe, tuta liachwe lionane na mvua, litengenezwe mwakani. Nikamfikiria Mama Leokadia, ambaye jioni iliyopita alikuwa amehesabu kwa vidole majina ya watu waliofia upande ule wa bonde wakisubiri maji yapungue. Nikajikuta nimeingia bila kubisha hodi. Nikasema chuoni tulifundishwa kwamba majani yanaweza kufanya kazi ya mawe, yakikatwa mapande mapande pamoja na mizizi na udongo wake, yakalazwa ubavuni na kupigiwa vigingi. Bondeni nyasi ni mbichi mwaka mzima. Wa kuzikata wapo.

Msimamizi akacheka. Injinia hakucheka, na ningependa angecheka. "Sawa, binti," alisema. "Ubavu huo ni wako. Ukisimama mvua za kwanza, nakuandikia barua ya kuthibitishwa kazini mimi mwenyewe. Ukianguka, usisubiri barua. Panda gari la Hamisi urudi kwenu Milanzi." Hamisi alikuwa dereva wa pikapu yetu, kijana wa ukoo wa wafanyabiashara wa mjini Sumbawanga. Jioni ile alinipa pole kana kwamba nimeshafukuzwa.

Mama Leokadia aliniletea wanawake zaidi ya arobaini, kila mmoja na jembe lake lenye makali. Nikasimama juu ya jiwe mbele yao nikiwa na kofia yangu ngumu kichwani na kujiona mtu. Nikawaeleza kwa Kiswahili changu cha chuoni: kateni nyasi bondeni pamoja na udongo wake, unene wa kiganja, pangeni kwenye tuta kuanzia chini kwenda juu, zishikane, msiache pengo. Nikauliza kama wameelewa. Wakajibu kwa pamoja kwamba wameelewa, tena wakicheka, maana nilikuwa nawafundisha jambo ambalo wanalijua tangu wakiwa wadogo. Kicheko kile nilikisikia nikafurahi. Hadi leo nikiwa mahali wanasema "tumeelewa" haraka namna hiyo, naingiwa na wasiwasi. Kesho yake nikaondoka na Hamisi kupeleka sampuli za udongo maabara kubwa ya mjini, nikakaa huko siku nne.

Niliporudi niliuona ubavu wa tuta kutoka mbali, nikamwambia Hamisi asimamishe gari. Nilitarajia kijani. Niliona kahawia tupu, kutoka chini hadi juu, upande mzima wa mashariki na nusu ya magharibi. Nikashuka nikakimbia. Kazi ilikuwa nzuri mno. Mapande yalikuwa yamekatwa sawasawa, yamepangwa yakashikana, hakuna hata pengo la kupitisha kidole. Lakini kila pande lilikuwa limelazwa kifudifudi, majani chini na mizizi juu, ikitazama mbingu na kukauka. Wanawake wakaniona, wakasimama na majembe yao wakisubiri sifa. Nikaketi chini palepale nikalia, na siogopi kuliandika hilo, maana nililia kwa sauti.

Mwenye kuijua Ufipa ameshaelewa. Sisi tuna kilimo chetu cha ntumba. Mvua zikikaribia kuisha, mkulima hukata nyasi pamoja na udongo, akazilaza kifudifudi na kuzirundika kuwa tuta la duara, nyasi zikiwa ndani, ili zioze na kuwa mbolea. Juu hupandwa maharage, na mwaka unaofuata tuta husambazwa ukapandwa ulezi. Bibi wa Kifipa akisikia nyasi na akasikia tuta, mikono yake inajua chakula cha tuta kinakaa wapi. Nyasi kuachwa juu ni kazi ya mvivu. Kila mwanamke aliyekuwa pale alikuwa amekaripiwa na mama yake kwa kosa hilo akiwa mtoto. Mimi nilitamka neno tuta nikimaanisha barabara, wao wakasikia shamba, na kwa kuwa sikukata hata pande moja kwa mkono wangu mbele yao, hakuna aliyepata nafasi ya kunishangaa.

Jioni ile sikula. Nilijifunika blanketi, na kupitia ule ukuta mwembamba nikawasikia Mama Leokadia na jirani zake wawili wakinijadili jikoni kwa Kifipa, pole pole, wakidhani silijui hata neno moja. Mmoja alisema mtoto wa watu atafukuzwa kwa ajili yao. Mwingine akauliza, sasa majani yakikaa juu, huko chini mizizi itakula nini, kwenye udongo mwekundu uliopigwapigwa na rola hadi ukawa ukuta? Halafu nikaisikia sauti ndogo ya mwenye nyumba ikisema kwamba kama hao watu wa barabara wanataka majani juu, wapewe majani juu, lakini yale ya chini yasiguswe. Chini chakula, juu mlaji. Nikaondoa blanketi nikaenda jikoni. Nikamwamkia tena kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana, nikamwomba anieleze. Hakushangaa kwamba nimesikia. Alinipa kwanza bakuli la maharage, akangoja nile.

Asubuhi alinipeleka kwenye ubavu akafunua pande moja. Kabla ya kulaza mapande, walikuwa wamechonga tuta ngazi ndogo ndogo, kama wafanyavyo kwenye mashamba ya mlimani ili ntumba zisiteleze. Hakuna aliyewaambia. Mimi na vitabu vyangu nilikuwa nimeagiza nyasi zilazwe kwenye ubavu laini kama zulia kwenye paa, na kama wangenitii kama nilivyosema, mvua moja ingelikunja zulia lote ikaliacha chini. Kumbe nililia juu ya kazi iliyokuwa na akili kunizidi. Hata hivyo sikuwa na hakika, na safari hii sikutaka kuamini bila kupima. Tukatenga vipande vitatu vya ubavu: kimoja uchi, kimoja kikiwa na nyasi za juu tu kama nilivyofundishwa, kimoja kikiwa na za chini kifudifudi na za juu zikitazama juu, ndani ya ngazi. Wanawake wakateka maji mtoni, wakapanda nayo kichwani hadi juu, wakayamwaga kwa mstari, ndoo baada ya ndoo, mpaka mto wenyewe ukatuchoka.

Tukiwa katikati ya kumwaga, Injinia Masanja akafika. Alishuka garini, akatazama ubavu wa kahawia, akatazama wanawake arobaini waliolowa, kisha akanitazama mimi. Aliuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyewaambia hawa walaze majani kichwa chini. Mama Leokadia alifungua mdomo. Nikamtangulia. Nikasema, "Ni mimi, Injinia. Sikuwaonyesha kwa mikono. Kosa ni langu peke yangu." Nikamwomba, kabla hajanifukuza, ateremke aone. Akateremka. Kipande kilicho uchi kilikuwa kimechimbika mifereji ya kuingiza mguu. Kile cha vitabu vyangu kilikuwa kimeteleza, kimejikusanya chini kama shuka lililovuliwa. Cha tatu kilikuwa kimelowa tu. Injinia akakichoma kwa fimbo yake mahali pengi, akapanda, akateremka, akapanda tena. Hakusema ni kizuri. Alisema ndoo si mvua, na kwamba masharti yake ni yale yale. Kisha akaondoka, na fimbo mbili za kupimia alizokuja nazo garini akaniachia.

Tulifanya kazi siku kumi na moja. Jumapili ilipofika nilidhani tumekwama, kwa kuwa kijiji kile ni cha Wakatoliki wasiogusa jembe siku ya Bwana. Baada ya ibada katekista alisimama akasema kwamba ng'ombe akitumbukia shimoni Jumapili hutolewa, na bonde lile limemeza watu, siyo ng'ombe. Wakatoka kanisani wakiwa na khanga zao nzuri, wakapitia majumbani kuchukua majembe. Hata vijana wa rola, walionichukia tangu lile tabaka nililolikataa, walikuja na pikapu ya Hamisi wakibeba mapande kutoka bondeni, wakiniita Mkaanga Udongo kwa sauti nyingine kabisa. Mimi nilikata nyasi na wenzangu hadi viganja vikachubuka. Mama Leokadia alivikagua jioni kwenye mwanga wa koroboi, akasema sasa ni vya mtu. Katika maisha yangu nimepokea vyeti kadhaa, na hakuna nilichokipokea kwa furaha ya namna ile.

Mvua ilikuja siku ya kumi na tatu, saa tisa alasiri. Waliozaliwa pwani hawaijui mvua ya Ufipa. Inatanguliwa na ngurumo inayotembea chini kwa chini, kisha inashuka yote kwa mara moja, na vijito vyote vya uwanda vinakimbilia bondeni. Nilisimama juu ya tuta na koti la mvua lisilosaidia kitu. Nilisikia maji yakinguruma ndani ya kalvati, nikayaona yakipanda hadi shingoni mwake, na ubavu ukitiririsha maji kila mahali. Nilikuwa nayatazama maji hayo rangi yake tu. Yakiwa mekundu, tuta langu linaondoka nayo. Sikutoka pale mpaka yalipopungua. Yalikuwa meupe. Mvua ilinyesha tena kesho yake na keshokutwa, na bado maji yaliteremka meupe, huku majani yakianza kuinua vichwa. Siku ya nne, mvua ikiwa bado inarusha rusha, basi la Sumbawanga, ambalo miaka yote liligeuzia ng'ambo, lilikuja likisitasita hadi mwanzo wa tuta, likasimama, kisha likavuka. Abiria walikuwa wametoa vichwa madirishani. Ng'ambo ya pili wanawake walipiga vigelegele mpaka dereva akasahau kushusha abiria. Nilijiona mshindi, na nilikuwa mshindi, sioni sababu ya kusema vinginevyo kwa adabu ya uongo.

Injinia Masanja alikuja adhuhuri ile ile. Alitembea ubavu wote wa mashariki na wote wa magharibi, fimbo mkononi, akarudi viatu vikiwa vizito kwa matope. Akaniambia barua yangu itaandikwa Jumatatu, na kwamba kuna mabonde mengine mawili mbele, nijiandae. Nikamshukuru. Lakini hakuwa amemaliza. Aliuliza yule mama yuko wapi. Tukamkuta barazani kwake akichambua ulezi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Injinia akavuta kigoda, akaketi. Akakunjua mchoro wa tuta juu ya mapaja, akachomoa penseli mfukoni, akasema mchoro huu unakwenda makao makuu, wanataka kujua majani yanapandwaje. Akaanza kuchora ngazi, tabaka la chini kifudifudi, tabaka la juu, akieleza kila mstari. Mama Leokadia akasogeza ungo pembeni, akainama akautazama mchoro kwa muda mrefu.

"Ngazi umezifanya nyembamba, baba," alisema. "Mwanamke mwenye ndoo kichwani atakanyaga wapi?"

Injinia akaniomba kifutio, akazifuta zote, akamuuliza upana unaofaa.